Haki ya Anayeanza na Kazi Isiyohesabiwa

Binadamu ni mwepesi wa kuhukumu kazi asiyoifanya, na huwa mwepesi zaidi wa kumhukumu mfanyakazi ambaye ndiyo kwanza ameanza. Tabia hii si mbaya yote. Kama watu wasingehukumu, mzembe na hodari wangalipwa ujira mmoja, na sifa ingalikuwa vazi la kila apitaye njiani. Lakini hukumu ina masharti yake. Anayehukumu yampasa aijue kazi yenyewe. Yampasa aone sehemu zake zote, si ile ing'aayo peke yake. Na yampasa ajue kama anayeanza alipewa njia ya kujifunza, au alifungiwa mlango kisha akalaumiwa kwa kutoingia. Masharti haya matatu nataka kuyapima kwa mfano uliotoka mbali: ubishi wa mashabiki wa mpira wa Kimarekani juu ya kijana aliyechaguliwa kwa matumaini makubwa, akacheza kidogo, na akasemwa kuwa hajui kukinga.

Huenda msomaji akauliza, mchezo una nini na falsafa? Una jambo moja ambalo maisha ya kila siku huwa nalo kwa nadra. Ofisini au shambani, kazi ya mtu huweza kufichika miaka mingi pasipo hukumu. Kiwanjani hukumu hutolewa kila Jumapili, tena na watu elfu nyingi, na kila mmoja wao huamini kuwa ameona yote kwa macho yake. Kwa hiyo mchezo ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi watu wanavyohukumu, na jinsi wanavyokosa.

Kwanza tuijue kazi. Katika mpira wa Kimarekani timu huingiza uwanjani watu 11. Watano wao hupanga ukuta mbele. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki, yaani mrusha mpira, na kumfungulia njia mwenye kukimbia nao. Wengine ni wadakaji, ambao husimama pembeni, hutimka mbio na kuudaka mpira hewani. Katikati ya makundi haya mawili yuko mtu ambaye ni wa huku na huku. Husimama kwenye ncha ya ukuta, bega kwa bega na mtu wa mwisho, na Wamarekani humwita taiti endi. Mara hii hupambana na adui mwenye kilo 120 au zaidi; mara ijayo hutakiwa kukimbia na kudaka kama wale wa pembeni. Hali yake ni ya popo, ambaye ndege humwita mnyama na wanyama humwita ndege. Mike Ditka wa timu ya Chicago Bears alionyesha mapema kwamba kazi hizi mbili zaweza kukaa katika mwili mmoja. Mwaka wake wa kwanza, 1961, alidaka mpira mara 56, akapata yadi 1,076 na mabao 12, wala hakuacha kugongana ukutani. Mwaka 1988 alikuwa taiti endi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo, mjini Canton, Ohio.

Katika kazi hizo mbili, kudaka hueleweka na kila mtu. Kukinga hakueleweki upesi, na ndiko kunakozua ubishi. Mkingaji hukunja magoti, hushusha nyonga zake chini ya nyonga za adui, huweka viganja vyake ndani ya kifua cha mwenzake, kisha husukuma huku miguu ikienda kwa hatua fupi zisizokoma. Akisimama wima, hutupwa kando. Akishika kwa nje na kuvuta, mwamuzi huirudisha timu yake nyuma yadi 10. Sisi husema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, tukikusudia somo la moyo; kwa mkingaji somo hilo ni la mgongo na magoti pia. Aliye chini ndiye ashindaye.

Tena kukinga kuna siri ambayo mtazamaji wa mbali haioni. Taiti endi asiyejua kukinga, kila aingiapo uwanjani, adui hujua kwamba mpira utarushwa. Kuingia kwake ni barua isiyotiwa katika bahasha. Na taiti endi ajuaye kukinga tu, asiyeweza kudaka, naye hutangaza kwamba mpira utakimbizwa. Lakini mwenye kuyaweza yote mawili huficha nia ya timu nzima kwa kusimama kwake tu. Hivyo basi, thamani ya kukinga haiko katika kumsukuma mtu mmoja pekee. Iko pia katika kuwaacha wenzake kumi wafanye kazi zao pasipo adui kuzijua mapema. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia.

Sasa tuje kwenye kisa. Mwezi Mei 2014, katika uteuzi wa wachezaji wapya ufanywao kila mwaka, timu ya Detroit Lions ilimchukua Eric Ebron, taiti endi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, akiwa mtu wa 10 kuchaguliwa. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mbio zake na ukubwa wake vilisifiwa. Kukinga kwake kulitiliwa shaka tangu mwanzo. Nafasi mbili baada yake, timu ya New York Giants ilimchukua mdakaji Odell Beckham. Na baada ya huyo, timu ya Rams ilimchukua Aaron Donald, mlinzi. Mwaka ulipokwisha, Beckham alikuwa amedaka mara 91, yadi 1,305 na mabao 12, naye Donald alikuwa ametunukiwa heshima ya chipukizi bora wa ulinzi. Ebron alikuwa amecheza michezo 13 kati ya 16, akiwa amedaka mara 25 kwa yadi 248 na bao moja. Timu yake ilikuwa na taiti endi mwingine mwenye umri zaidi, Brandon Pettigrew, ambaye msimu huo alidaka mara 10 tu, lakini hakuondolewa uwanjani kwa sababu alijua kukinga. Timu yenyewe haikuwa mbovu, kwani ilishinda michezo 11 na kushindwa 5.

Mashabiki waligawanyika. Kundi moja lilisema: kijana anadhulumiwa. Mlimchagua kwa mbio zake na mikono yake. Mbona sasa mnamweka benchini kwa sababu ya mgongo wake? Apewe nafasi, atajifunza. Kundi la pili lilisema: hapana dhuluma hapa. Kazi ina sehemu mbili, naye anaijua moja. Kazi nusu hupata nafasi nusu. Likaongeza kwa uchungu kwamba mtu wa 10 katika taifa zima hapaswi kufundishwa kuinama. Kundi la kwanza liliona haki ya mtu. Kundi la pili liliona haki ya kazi. Haki hizi mbili ni za kweli zote, na ndiyo sababu ubishi wa namna hii haufi.

Mimi naona makundi yote mawili yaliteleza mahali pamoja kabla ya kutofautiana. Yote yalipima kwa kinachohesabika. Aliyemtetea kijana alitaja madako aliyoyapata kwa dakika chache alizocheza; aliyemlaumu alitaja madako ya Beckham. Lakini vitabu rasmi vya mchezo huo havina safu ya kukinga. Dako huandikwa, yadi huandikwa, bao huandikwa. Mtu aliyeinama na kumwondoa adui njiani haandikwi popote, na yadi 40 alizozifungua huandikwa kwa jina la mwingine. Televisheni nayo hufuata mpira. Mpaka mwaka 2012 picha zile zinazowaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja zilikuwa mali ya makocha. Mwaka huo ndipo ligi ilipoanza kuwauzia watu wote. Hata baada ya hapo, ni wachache wenye subira ya kuutazama mchezo uleule mara ya pili wakiuacha mpira na kumfuata mtu mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na mchezo uliouona kwa jicho la mpira hujui ukuta wake.

Upofu huu si wa mashabiki peke yao. George Kittle, taiti endi wa Chuo Kikuu cha Iowa, alidaka mpira mara 48 tu katika miaka yake yote ya chuoni, kwa kuwa muda mwingi alikuwa akikinga. Mwaka 2017 watu 145 walichaguliwa kabla timu ya San Francisco 49ers haijamchukua. Mwaka uliofuata, 2018, alipata yadi 1,377, ambazo wakati huo zilikuwa nyingi kuliko zilizopata kupatikana na taiti endi yeyote katika msimu mmoja, wala hakuacha kukinga. Kisa hiki hakithibitishi kwamba kila mkingaji ni Kittle aliyefichika. Kinathibitisha jambo dogo zaidi, nalo latosha: yasiyohesabiwa hudhaniwa kuwa hayapo, na wanaodhani hivyo ni pamoja na wale walioajiriwa ili waone.

Basi sharti la kwanza la hukumu ya haki ni kuipima kazi kwa kazi, si kwa hesabu yake. Kwa sharti hili kundi la pili lina nguvu zaidi. Pettigrew mwenye madako 10 hakuwa akipendelewa. Alikuwa akilipwa kwa shughuli ambayo jicho halikuifuata.

Lakini kundi hilohilo la pili lilikosea katika jambo jingine, nalo ni bei. Liliposema kwamba mtu wa 10 hapaswi kufundishwa, liliigeuza namba ya uteuzi kuwa deni la kijana. Namba ile nani aliiweka? Si yeye. Viongozi wa timu walikaa, wakatazama, wakakadiria, wakachagua. Wakikosea kukadiria, kosa ni la mkadiriaji. Mtu akinunua mbuzi kwa bei ya ng'ombe, haifai kumpiga mbuzi kwa kutokutoa maziwa ya ng'ombe. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, aliweka tofauti baina ya vitu vyenye bei, ambavyo huweza kubadilishwa kwa vingine, na mwanadamu, ambaye ana utu usiobadilishwa kwa kitu. Kumwambia kijana "wewe si Beckham" ni kumweka katika daraja la vitu vinavyobadilishana. Neno hilo ni kweli, lakini si kosa lake, wala si somo analoweza kujifunza. Kumwambia "nyonga zako ziko juu mno" ni lawama pia, lakini ni lawama inayomheshimu, kwa sababu yahusu tendo lake, na tendo huweza kutengenezwa.

Kuna mkanganyiko mwingine uliofichika katika bei hiyo. Detroit ilitaka nini hasa ilipomchagua? Mwaka huohuo ilikuwa imemwajiri Joe Lombardi kuongoza mashambulizi, mtu aliyetoka New Orleans, ambako Jimmy Graham alikuwa amelifanya jina la taiti endi lifanane sana na mdakaji wa pembeni. Matumaini ya wengi yalikuwa kumpata Graham wa pili. Na majira hayohayo jina lenyewe lilipelekwa mbele ya hakimu. Timu ya Graham ilitaka kumbakiza kwa mwaka mmoja kwa ujira wa taiti endi, kiasi cha dola milioni 7. Yeye na chama cha wachezaji wakadai alipwe ujira wa mdakaji, kiasi cha dola milioni 12, kwa kuwa karibu theluthi mbili ya mara alizocheza mwaka 2013 hakusimama kwenye ncha ya ukuta. Julai 2014 msuluhishi Stephen Burbank aliamua kwamba Graham ni taiti endi. Hivyo mtu aweza kuitwa kwa jina la kazi ambayo kwa sehemu kubwa haifanyi, na kulipwa kwa jina hilo. Sasa tazama hali ya Ebron: alichaguliwa kwa mfano wa Graham, asiyetakiwa kukinga sana, kisha akahukumiwa kwa kipimo cha Ditka. Huku ni kubadilisha mizani baada ya mzigo kupakiwa. Timu ina haki ya kutaka taiti endi kamili, na ina haki ya kutaka mdakaji mkubwa aliyepewa jina la taiti endi. Haina haki ya kuchagua kwa nia moja na kuadhibu kwa nia nyingine.

Limebaki sharti la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: njia ya kujifunza. Aristotle alifundisha kwamba mambo ambayo lazima tujifunze kabla ya kuyatenda, hujifunzwa kwa kuyatenda: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, na mwadilifu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Ikiwa ni hivyo, kocha anayesema "hutacheza mpaka ujue kukinga" amefunga fundo gumu, maana kukinga hujifunzwa kwa kukinga. Mtu atajibu kwamba kuna mazoezi. Ni kweli, lakini mazoezi yenyewe yana mpaka. Kwa mapatano ya mwaka 2011 baina ya wenye timu na wachezaji, mazoezi ya kuvaa silaha zote na kugongana yaliwekewa kikomo cha 14 katika msimu mzima wa kawaida. Kikomo hicho kilikuwa chema, kwa kuwa kiliwekwa kuhifadhi vichwa na miili ya watu. Lakini chema kina gharama yake, na gharama hii humwangukia anayeanza. Mkongwe alijifunza zamani. Kijana atokaye katika chuo ambako taiti endi husimama mbali na ukuta hupewa siku chache za kujifunza kazi ya miaka, kisha huulizwa mbona hajaijua.

Hapa wale wa kundi la kwanza watafurahi na kusema: basi achezeshwe! Nawaomba wangoje. Aristotle hakusema kwamba mjenzi ajifunze kwa kujenga nyumba ambayo watu wamekwisha lala ndani yake. Nyuma ya kijana asiyejua kukinga amesimama kwotabeki, macho yake yako mbali kwa wadakaji, mgongo wake hauna ngao. Katika Detroit ya 2014 mtu huyo alikuwa Matthew Stafford. Mkingaji akikosa hatua moja, anayelipa si yeye. Ni mwenzake aliyemwamini, na malipo yaweza kuwa bega, goti au ubongo. Daktari mwanafunzi hujifunza kwa wagonjwa, lakini hapewi kisu siku ya kwanza. Haki ya kujifunza ni haki ya kweli, ila haimpi mtu ruhusa ya kujifunza bila kiasi juu ya mwili wa mwingine.

Tufanyeje, basi, ikiwa kumnyima nafasi ni kumnyima elimu, na kumpa nafasi ni kumhatarisha mwenzake? Naona jawabu liko katika kumgeukia mwenye mamlaka na kumtwika wajibu. Kumweka chipukizi benchini ni halali kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba aambiwe kosa lake kwa jina la tendo, si kwa jina la bei, na afundishwe kila siku ipatikanayo. La pili, apewe majaribio ya ukubwa unaolingana na hatari: leo akinge akisaidiwa na jirani yake ukutani, kesho akinge peke yake mpira unapokimbizwa upande wa mbali, hatimaye asimame mwenyewe mbele ya mgongo wa kwotabeki. Pasipo masharti hayo, benchi hugeuka kuwa hukumu inayojithibitisha yenyewe: hachezi kwa kuwa hajui, hajui kwa kuwa hachezi, na kila mwezi upitao huonekana kama ushahidi mpya dhidi yake. Mikataba ya vijana hawa haingoji. Mchezo wao hauna uzee, na mwaka mmoja wa kukaa kitako ni sehemu kubwa ya riziki ya maisha yao.

Yaliyofuata yanajulikana. Ebron alikaa Detroit mpaka Machi 2018, baada ya mwaka ambao mashabiki wa nyumbani walimzomea. Timu ikamwacha, akaenda Indianapolis Colts, na katika msimu wa 2018 alidaka mara 66, akapata mabao 13, akachaguliwa kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi. Wengi waliyachukua mabao hayo kuwa jawabu la ubishi: tazameni, alidhulumiwa! Mimi siyachukui hivyo. Hakusifiwa Indianapolis kwa kukinga. Alisifiwa kwa kudaka karibu na mstari wa bao. Kazi ilikatwa ikalingana na mtu, mahali ambapo zamani mtu alikuwa akikatwa alingane na kazi. Wale waliosema kwamba hakujua kukinga hawakukanushwa na mabao 13, kama vile fundi seremala hageuki kuwa mwashi kwa kutengeneza kiti kizuri. Na wale waliosema kwamba alikuwa na thamani hawakuhitaji kungoja mabao hayo ili wawe na haki. Anayemtetea mtu kwa matokeo ya baadaye humwacha bila mtetezi kila chipukizi ambaye matokeo yake hayakuja. Nao ndio wengi.

Kwa hiyo swali la haki lisiulize, "Je, baadaye alikuwa mkubwa?" Liulize, "Wakati ule, alitendewa inavyompasa mtu anayejifunza, na wenzake walitendewa inavyowapasa watu wanaotegemea kazi yake?" Swali hili halina shangwe, wala halijibiwi kwa namba. Hulijibu yule aliye tayari kuutazama tena mchezo akiuacha mpira uende zake, akatazama ncha ya ukuta, akaona kama kijana ameinama leo chini kidogo kuliko alivyoinama jana. Akiona hivyo aseme, ijapokuwa hakuna safu ya kuliandika; na asipoona, pia aseme, lakini kwa sauti ya mtu anayelaumu tendo na kumbakizia mtendaji kesho yake.